Maswali yenu: Ngozi ya Gideoni na mvua ya Tukuyu

SWALI: Shikamoo Mama, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi seremala hapa Tukuyu, elimu yangu ni ya darasa la saba. Mkutano mkuu wa usharika umenichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa jipya. Nilikataa palepale. Kwenye kamati hiyo yumo mkuu wa sekondari, yumo daktari, yumo wakili. Mimi ndiye niwaongoze? Mchungaji akasema nisikatae kwa haraka, nikaombe kwanza. Nikamwomba Mungu ishara kama Gideoni: mvua ikinyesha kabla ya Jumapili, basi nimeitwa. Ikanyesha. Sasa nafikiri niombe na ya pili, isinyeshe, kama Gideoni alivyogeuza ya kwake. Nyumbani wananisukuma nikubali, wanasema hata kazi ya mabenchi na milango itakuwa rahisi kwa kuwa mimi ni fundi. Mimi naona unyenyekevu ni kukaa nyuma. Nifanyeje?
Fundi, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu, amina.

Tuanze na hiyo mvua. Umemwomba Mungu mvua inyeshe Tukuyu, mwezi wa nne, kabla ya Jumapili? Nimewahi kufundisha huko Rungwe, najua soksi zinavyokaa kambani wiki nzima zikiwa mbichi. Hiyo si ishara, hiyo ni Jumanne ya kawaida. Na ya pili usiiombe kabisa, maana isiponyesha utasema umejibiwa, ikinyesha utatafuta ya tatu.

Ila usione haya sana. Gideoni, yule mwamuzi wa Israeli, alitandika ngozi ya kondoo uwanjani usiku, akaomba asubuhi ngozi iwe na umande na nchi iwe kavu. Hata ishara hiyo ya kwanza ilikuwa na walakini. Manyoya ya kondoo hunywa umande, na kiwanja cha kupuria kilichokanyagwa kikawa kigumu hakikawii kukauka. Yawezekana alipokuwa anakamua ile ngozi, bakuli likajaa, akawaza: hii ingeweza kutokea yenyewe. Usiku wa pili akaomba kinyume chake, ngozi iwe kavu na nchi ilowe, na akaomba kwa kubembeleza, Mungu asimkasirikie. Alijua anavuka mpaka.

Ninachotaka ukitazame ni mahali habari hiyo ilipokaa katika kitabu. Fungua Waamuzi 6, usome pole pole. Kufikia aya ya 36, malaika ameshamtokea. Moto umeshatoka mwambani ukateketeza nyama ya mwana-mbuzi na mikate. Madhabahu ya Baali imeshabomolewa. Roho wa Bwana ameshamjia, tarumbeta imeshapigwa, watu wa Manase, Asheri, Zabuloni na Naftali wameshapanda kumfuata. Jeshi limekaa linamngoja, ndipo bwana mkubwa anatandika ngozi. Na katika sala yenyewe anakiri kwamba Mungu ameshasema. Hakuwa anatafuta kujua, maana kujua alijua. Alikuwa anaogopa, na Mungu akamvumilia usiku wa kwanza na wa pili. Kwa hiyo anayetaka kutumia ngozi ya kondoo kama njia ya kuuliza njia, amekosea anwani.

Nikuulize na wewe: ulipoinuka siku ile kwenye mkutano ukakataa, kitu gani kilikuinua?

Nauliza kwa sababu umeandika neno unyenyekevu, na Gideoni pia watu humsifu kwa unyenyekevu kwa ajili ya aya ya 15, pale anaposema jamaa zake ni maskini katika Manase, naye ndiye mdogo nyumbani kwa baba yake. Maneno mazuri. Sasa shuka hadi aya ya 27: usiku ule wa kubomoa madhabahu alichukua watumishi wake kumi. Kumi! Mtu maskini wa kwenu ana watumishi kumi? Baba yake Yoashi ndiye mwenye hiyo madhabahu ya Baali ambayo mji mzima ulikuja kuililia asubuhi, na ndiye aliyesimama akawanyamazisha: kama Baali ni mungu, ajitetee mwenyewe. Hiyo si sauti ya mnyonge. Mbele zaidi, sura ya 8, wafalme wa Midiani, adui za Israeli, Zeba na Salmuna, wanamwambia kwamba ndugu zake waliouawa Tabori walifanana naye, kila mmoja alikuwa kama mtoto wa mfalme.

Sisemi alidanganya. Nasema mtu mwenye hofu hujipima kwa kibaba kidogo, na sisi wa makanisani tumelizoea jambo hilo mpaka tumeliita adabu. Mtu anaitwa kusali tu, anaanza: mimi sistahili, wapo wakubwa, mimi ni mavumbi. Tunambembeleza, anakataa, tunambembeleza tena. Mara nyingine ni unyenyekevu kweli. Mara nyingine anangoja abembelezwe vya kutosha. Na mara nyingi, nadhani hii ndiyo yako, ni hofu ya kuchekwa na wakili.

Hofu si dhambi, mwanangu. Mtazame Gideoni alipokutwa. Mimi nimekulia nyanda za juu za Mbulu, ngano kwetu si ya kusimuliwa. Mama yangu alipepetea mahali peupe, juu, jioni upepo ukishika. Unainua ungo, unamwaga taratibu, makapi yanaondoka na upepo upande wa bondeni na punje zinakuangukia miguuni. Siku isiyo na upepo huwezi kitu, unamwaga na yote yanashuka pamoja, vumbi linakujaa puani. Sasa Gideoni anaishughulikia ngano yake ndani ya shinikizo la zabibu, ambalo ni shimo lililochongwa mwambani ili watu waingie na kukanyaga zabibu. Humo upepo utoke wapi? Anakohoa, anapata ngano yenye makapi nusu kwa nusu, na masikio yako juu kusikiliza ngamia. Miaka 7 Wamidiani wamekuja kila mazao yanapoota, na wanyama wao, wametua kama nzige, hawaachi kondoo wala punda. Watu wamehamia mapangoni. Mtu huyo ndiye anayeamkiwa "Ee shujaa".

Na jibu lake la kwanza halina unyenyekevu hata kidogo. Ni malalamiko: kama Bwana yu pamoja nasi, mbona haya yote yametupata? Yako wapi yale matendo ambayo baba zetu walitusimulia? Binafsi nampenda Gideoni kwa swali hilo kuliko kwa jingine lolote. Mungu hakumkemea. Hakumpa maelezo pia. Akamwambia, nenda kwa uwezo wako huu. Na alipoleta habari ya udogo wake, Mungu hakubishana naye kwamba wewe si mdogo, wewe unaweza, jiamini. Alimwambia tu: nitakuwa pamoja nawe. Jibu hilohilo alilompa Musa kwenye kile kijiti, Kutoka 3, Musa alipouliza yeye ni nani hata amwendee Farao. Wote wawili waliuliza "mimi ni nani" wakajibiwa habari za mwingine.

Imani ya Gideoni ukitaka kuiona, iko kwenye mambo aliyofanya huku anatetemeka. Madhabahu aliibomoa usiku, na Biblia haimfichi: aliogopa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Lakini aliibomoa. Usiku wa vita, baada ya jeshi kupunguzwa kutoka 32,000 hadi 10,000 na kutoka 10,000 hadi 300, Mungu alimwambia kabla yeye hajafungua kinywa: kama unaogopa kushuka, shuka na Pura mtumishi wako. Akashuka na Pura. Ndiyo kusema aliogopa! Huko chini wakamsikia askari wa Midiani anamsimulia mwenzake ndoto, mkate wa shayiri umebingirika kambini ukaipiga hema ikapinduka. Shayiri kilikuwa chakula cha watu wa chini, ngano ndiyo ya wenye nafasi. Na yule mwenzake akamtaja Gideoni kwa jina na jina la baba yake. Pale pale, pembeni ya kambi ya adui, gizani, Gideoni akaabudu, kisha akarudi akawaambia wenzake inukeni. Tangu hapo haombi ishara tena.

Unyenyekevu wake nao mimi nauona kwingine kabisa, kwenye aya ambazo watu huziruka, mwanzo wa sura ya 8. Ushindi umeshapatikana, wanakuja watu wa Efraimu wamevimba: kwa nini hukutuita tangu mwanzo? Kabila kubwa, lenye majivuno. Yeye ndiye mshindi, ana kila haki ya kuwajibu vibaya. Akawajibu kwamba masazo ya zabibu za Efraimu ni bora kuliko mavuno yote ya ukoo wake, na kwamba wao ndio waliowakamata wakuu wa Midiani, Orebu na Zeebu. Yeye amefanya nini cha kulinganisha? Hasira zao zikatulia. Sasa soma sura ya 12. Efraimu haohao wanamwendea Yeftha, mwamuzi wa baadaye, na lawama ileile. Yeftha akapigana nao, na walikufa watu 42,000 wa Efraimu. Jibu moja la upole lina thamani hiyo.

Mkuu wa shule, daktari na wakili ndio Efraimu yako. Watakuja kukuuliza mbona hukutushirikisha. Wakili atataka kikao kirudiwe kwa sababu mwaliko haukuandikwa sawasawa. Mpe haki yake, mwambie andika wewe mwaliko ujao, unajua kuliko sisi. Na ujue kweli anajua kuliko ninyi. Kukaa mbele ya watu waliokuzidi elimu na kuwaachia wakuzidi, huku kikao kinasonga, hiyo ndiyo kazi ya mwenyekiti. Nondo ngapi na saruji mifuko mingapi, wapo wa kuhesabu. Na wewe mbao unazijua kuliko wote.

Sasa nifike kwenye mabenchi.

Umeyataja kwa mstari mmoja, kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa. Mimi nimeusoma mstari huo mara kadhaa. Gideoni hakuanguka shinikizoni. Hofu yake yote ya mwanzo haikumdhuru yeye wala watu. Alianguka baadaye, alipokuwa haogopi mtu. Ameshawachapa wazee wa Sukothi kwa miiba kwa sababu walimnyima mikate, ameshaubomoa mnara wa Penueli na kuua watu wa mji, Waisraeli wenzake hao. Ameshawaua Zeba na Salmuna, na sababu aliyoitoa mwenyewe ni damu ya ndugu zake, wana wa mama yake. Vita ya Bwana imegeuka kisasi cha nyumbani. Ndipo watu wanamwomba atawale yeye, na mwanawe, na mjukuu wake. Anajibu vizuri mno: "Mimi sitatawala juu yenu, wala mwanangu hatatawala juu yenu." Bwana ndiye atakayetawala. Ungeishia aya ya 23 ungelia machozi ya furaha.

Aya ya 24: ila nina ombi dogo. Kila mtu anipe herini za nyara zake.

Wakatandika nguo wakatupia. Dhahabu ikafika shekeli 1,700, ambazo kwa vipimo vyetu ni kama kilo 19 hivi, mbali ya mapambo, mavazi ya zambarau ya wale wafalme na mikufu ya ngamia wao. Akafanya naivera, vazi ambalo katika Kutoka 28 ni la kuhani mkuu. Yeye ni wa Manase, si wa Lawi, kabila la makuhani. Akaliweka wapi? Ofra, mjini kwake. Israeli wote wakaenda huko kuliabudu, likawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Cheo alikikataa kwa mdomo, halafu akaishi kama mwenye cheo: wake wengi, wana 70, na suria huko Shekemu aliyemzalia Abimeleki. Yeye mwenyewe alikufa mzee mwema, nchi ikiwa imetulia miaka 40. Waliolipa ni watoto. Abimeleki aliwaua ndugu zake juu ya jiwe moja ili awe mfalme.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kubali uenyekiti. Umechaguliwa na mkutano mkuu, mchungaji wako amekusihi usikatae kwa haraka, huna haja ya mbingu kufunguka. Lakini kabla ya kikao cha kwanza, simama useme, na iandikwe kwenye muhtasari, kwamba karakana yako haitaomba kazi yoyote ya kanisa hilo: mabenchi, milango, madirisha, kenchi za paa, hata mbao za kusetia zege. Wala ya shemeji yako. Kama wakikubembeleza kwamba wewe ndiye fundi bora Tukuyu nzima na utawafanyia nafuu, hapo ndipo ukatae kwa nguvu zile ulizokatalia uenyekiti. Saruji isilale kwako hata usiku mmoja kwa kisingizio kwamba stoo ya kanisa inavuja. Fedha zipite benki kwa sahihi zaidi ya moja, na yako isiwe ya lazima. Changizo likifanyika Jumapili, zihesabiwe pale pale mbele ya watu, mhazini atoe risiti, na wewe usizishike.

Na kama ukijichunguza ukaona kazi ya mabenchi unaihitaji kweli, una ada za watoto, basi kataa uenyekiti kwa sababu hiyo na uiseme wazi, uombe kazi kama mafundi wengine. Hilo nalo ni la heshima. Ila uenyekiti usiukatae kwa jina la unyenyekevu.

SWALI: Mama, shikamoo. Mume wangu wamemtaka uzee wa kanisa zaidi ya mara moja, anakataa, anasema mtu wa Mungu hatafuti vyeo. Lakini kila Jumapili tukirudi ibadani, chakula cha mchana hakiliki: mzee fulani hajui kusoma hesabu, mzee fulani anasinzia, kwaya imeharibiwa. Nimwambieje?
Mke wa msomaji wako, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Msomee Waamuzi 9, mfano wa Yothamu, yule mtoto wa mwisho wa Gideoni aliyejificha akapona. Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukakataa: niache mafuta yangu? Mtini ukakataa: niache utamu wangu? Mzabibu ukakataa: niache divai yangu? Mwishowe ukakubali mti wa miiba, nao ulianza utawala kwa kutishia moto.

Watu huusoma mfano huo kama sifa kwa miti iliyokataa. Sina hakika. Ila angalau kila mmoja ulikuwa na kazi ya kuutaja. Mumeo akimaliza kula, akiwa ameshiba, muulize kwa upole mafuta yake ni yapi. Kama anafundisha watoto Jumapili, kama anatembelea wagonjwa, kama anatengeneza vinanda vya kanisa bure, basi ana haki ya kukataa, mwache, na hata akinung'unika kidogo mvumilie. Kama hana jibu, usimjibie. Pakua matunda.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Rafiki yangu Mwislamu tunayesoma naye hapa Tanga ananiambia kisa cha askari kuchujwa kwa kunywa maji kimo katika Qurani, lakini kiongozi ni Talut, wala si Gideoni. Tumebishana hadi tukanuniana. Nani kakosea? Na je, wale 300 waliochaguliwa walikuwa hodari kuliko wenzao?
Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Amina. Hakuna aliyekosea, kila mmoja kasema kilichomo kwenye kitabu chake. Rafiki yako anasema habari ya Surat al-Baqara, aya ya 249. Talut anatoka na majeshi, anawaambia Mungu atawajaribu kwa mto. Atakayekunywa si wake, ila atakayeteka kwa mkono wake kitanga kimoja. Wengi wakanywa. Wachache waliobaki wakavuka kumkabili Jalut, na Daudi akamuua. Kwa hiyo Talut ndiye ambaye katika Biblia huitwa Sauli, na vita ile ni ya Goliathi. Huku kwenye Waamuzi 7 ni chemchemi ya Harodi, ni Wamidiani, na hakuna aliyekatazwa kunywa. Waliangaliwa tu wanakunywaje.

Kuhusu uhodari, wahubiri wengi husema wale 300 walikuwa macho, wanaramba maji huku wanatazama adui. Yawezekana, lakini sura yenyewe haisemi. Inachosema ni sababu ya kupunguza: Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao ndio uliowaokoa. Kama Mungu angechagua makomando 300, wangejisifu vilevile. Walipewa tarumbeta, mitungi mitupu na mienge ndani yake. Mkono wa kushoto mwenge, wa kuume tarumbeta. Upanga angeushika kwa mkono gani?

Badala ya kununiana, someni pamoja aya ya 246 hadi 251, kisha 1 Samweli 9 na 10. Mtakuta watu wa Talut wanamkataa kwa kuwa hana mali, na Sauli siku ya kutangazwa hapatikani, wanamtafuta mpaka Bwana mwenyewe awaambie amejificha kwenye mizigo. Mrefu kuliko wote kuanzia mabegani kwenda juu, amejikunja nyuma ya mizigo! Mwambie rafiki yako akuonyeshe tafsiri ya Kiswahili anayoitumia, na wewe umpelekee ya kwako, halafu mniandikie mlichobishania safari hii.